Naomba ushauri: binti yangu amenyamaza

Habari zenu wapendwa. Niko Dodoma mjini. Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Wiki ya sita sasa halali vizuri. Uji wa asubuhi anaukoroga tu mpaka unapoa, na ubuyu aliokuwa akigombania na mdogo wake hata hautazami. Nimeongea naye, nimeenda kwa mwalimu wa ushauri nasaha, nikaambiwa ni umri tu. Moyo wangu unakataa. Juzi alisema, "Mama, nimechoka," akageukia ukutani.

Nawaza kumpeleka Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma, ila anaogopa wenzake watamwita kichaa. Je, niende huko moja kwa moja au nianzie kituo cha afya? Na nimuulizeje kama anawaza kujidhuru, bila kumtisha?