Mpwa wangu ana kisukari, kliniki wanasema ajifunze kutuliza akili. Hii kitu inasaidia kweli?

Fundi wa Mji Kasoro

Wakuu, habari za jioni.

Naishi na mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu. Ana miaka 15, yuko kidato cha pili, na ana kisukari aina ya kwanza tangu akiwa darasa la tano. Sindano anajichoma mwenyewe, tena mkono wake mwepesi kuliko wa manesi wengi. Insulini tunapata bure kupitia mpango wa watoto pale kliniki. Kinachotutoa jasho ni stripu za mashine ya kupimia sukari kuisha kabla ya tarehe ya kurudi.

Shida yangu leo si dawa. Tangu mwaka huu uanze, mtoto amebadilika. Ukimuuliza "sukari ngapi?" anajibu "nzuri" na kuingia chumbani. Juzi nilifungua daftari lake la vipimo nikakuta ukurasa mzima ni 6.1, 6.4, 6.2, wino mmoja, mwandiko mmoja, umenyooka kama pindo la suruali mpya. Nikabonyeza kumbukumbu za mashine: 17, 19, na kuna mahali imeandika HI tu, yaani sukari iko juu kupita inavyoweza kusoma. Sijamwambia kwamba nimeona.

Nesi mmoja alinishauri awe anafanya mazoezi ya utulivu wa akili. Kukaa kimya, kufuatilia pumzi, kuyaacha mawazo yaje na yapite bila kugombana nayo. Mama yangu mzazi, bibi yake, anasema hizo ni dini za watu, mtoto apelekwe kuombewa. Mimi niko katikati. Kuna aliyewahi kuona inasaidia mtoto wa umri huu? Inashusha sukari, au tunampotezea muda wa kusoma?

Naomba kuwasilisha.

Babu Kauzu

Mtoto wa miaka 15 ana msongo wa mawazo wa nini, analipa kodi? Mpunguzie ugali na soda, sukari itashuka yenyewe. Ipo pia mizizi fulani, wiki mbili tu anaacha sindano. Njoo faragha nikuelekeze.

Sista wa Zamu

Babu, naanza na wewe maana umesema jambo la hatari. Mwenye aina ya kwanza kongosho lake halitengenezi insulini. Si suala la kula sukari nyingi, na hakuna mizizi ya kuziba hilo pengo. Kabla ya insulini watoto hawa walikuwa wanakufa, hata wale walionyimwa chakula hadi wakabaki mifupa. Mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini, Januari 1922 kule Toronto, alikuwa kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson. Dozi ya kwanza haikwenda vizuri, wakaisafisha zaidi, wakarudia, akapata nafuu. Karibu umri wa huyu binti. Kwa hiyo hiyo faragha yako baki nayo.

Sasa mwenye uzi. Pole, na hongera kwa kutomvamia mtoto na lile daftari. Sisi tunaofanya kazi kliniki za vijana madaftari ya aina hiyo tunayajua, na mara nyingi siyo uongo wa utundu. Mtoto amechoka. Kila mlo ni hesabu, kila namba ni kama hukumu, halafu hakuna likizo. Ukiongeza balehe ndiyo kabisa, kwa sababu homoni za kukua zinafanya mwili usiitikie insulini vizuri, kwa hiyo anaweza kufuata kila kitu na bado akakuta 14. Hapo ndipo anapoona bora aandike 6.2 aachwe apumzike.

Swali lako la kushusha sukari: usitegemee hivyo. Ukiwa na hofu au hasira mwili unamwaga homoni za adrenalini na kotisoli, na ini linatoa sukari, kwa hiyo akitulia kuna unafuu fulani. Ila tafiti nyingi zimefanywa kwa watu wazima, na faida inayoonekana zaidi ni kwenye ule uchovu na wasiwasi wa kuishi na ugonjwa. Kwenye kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, majibu hayafanani. Dozi haipungui hata uniti moja kwa sababu mtu amekaa akahesabu pumzi.

Na hili lishike sana: APIME KWANZA, NDIPO ATULIE. Sukari ikishuka mtu anatetemeka, anatoka jasho, moyo unaenda mbio, anakuwa mkali. Ni dalili zilezile za wasiwasi. Mtoto akidhani ni wasiwasi akafumba macho kufuatilia pumzi wakati sukari ni 3.0, anaweza kupoteza fahamu hapohapo. Chini ya 3.9 anywe soda ya kawaida kama mililita 150, au kijiko kikubwa cha sukari kwenye maji, asubiri dakika 15, apime tena. Stripu zikiwa zimeisha na ana dalili, atibu kama imeshuka. Upande wa pili, mashine ikisoma juu sana na anatapika, tumbo linauma, anahema kwa nguvu na haraka na mdomo unanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, hayo si mazoezi ya pumzi. Ni hospitali, usiku huohuo. Hizo HI ulizoziona zipeleke kliniki wiki hii, msisubiri tarehe.

Mama Wawili

Sista nakuelewa, ila bibi naye asipuuzwe. Haya mambo si ya Wabudha kweli? Mimi mwanangu nisingemruhusu.

Kidole Kigumu

Mama Wawili, asili yake ni Ubudha, hilo halina ubishi. Lakini huko hospitalini yaliingizwa na Jon Kabat-Zinn pale Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979, kwa wagonjwa wa maumivu sugu, na aliyaweka bila ibada yoyote. Hakuna maneno ya kutamka, hakuna wa kuabudiwa. Bibi aombe, tena aombe na mtoto akiwepo. Havigombani.

Nina kisukari aina ya kwanza tangu nikiwa na miaka 11, sasa niko chuo. Mjomba, nikueleze inavyokuwa kwa vitendo, maana ukisema "kutuliza akili" kijana anaona unamwita mkorofi.

Mimi nilikuwa siwezi kukaa nimefumba macho. Nikifumba ndiyo mawazo yote yanakuja: figo, macho, nitaoa nani. Kilichonisaidia ni kufanya ndani ya kazi ambayo tayari naifanya. Nanawa mikono kwa sabuni, taratibu, nasikia maji yanapita katikati ya vidole. Nafuta. Kabla ya kuchoma nasema kimoyomoyo nilivyo: "naogopa", au "nimekasirika". Sijikatazi. Nachoma pembeni ya kidole, si katikati maana katikati panauma zaidi, naangalia tone linavyojaa. Wakati mashine inahesabu navuta pumzi moja, naitoa polepole. Namba inakuja. Ikiwa 16 naona kifua kinabana, naacha kibane, halafu ndiyo naamua cha kufanya. Zamani nikiona 16 nilikuwa naongeza dozi kwa hasira, baadaye nashuka hadi natetemeka. Hicho ndicho kimebadilika. Sukari bado inapanda siku nyingine, si muujiza.

Ombi langu kwako: akitoka shule usianze na "sukari ngapi?" Muulize mechi iliishaje, au amekula nini. Mama yangu alipoacha kunisalimia kwa namba ndipo nilipoanza kumwambia namba.

Babu Kauzu

Sawa, nimesoma. Mizizi naitoa. Ila soda apunguze.

Sista wa Zamu

Soda ya kila siku apunguze, ya dharura ibaki kwenye mkoba. Mwenye uzi, nyongeza moja: asilazimishwe. Dakika tatu anazozitaka mwenyewe zinamfaa kuliko nusu saa aliyosimamiwa na mjomba. Na ukiona hataki kula, hapati usingizi, anaongelea kufa, au anaruka sindano kwa makusudi ili apungue mwili, toka kwenye mazoezi kabisa, mpeleke kwa daktari au mwanasaikolojia. Hili la mwisho wasichana wengine wanalifanya na ni hatari kweli.

Fundi wa Mji Kasoro

Nimesoma yote, nashukuru sana. Jana nilijaribu la Kidole Kigumu, nikamuuliza habari za mechi ya netiboli. Alinisimulia hadi chai ikapoa, kisha mwenyewe akasema "mjomba, leo nilikuwa 15". Nikamjibu "sawa, tunafanyaje?" Tumekubaliana Jumatatu twende kliniki na mashine, daftari tuliache nyumbani.

Limebaki moja. Shuleni haruhusiwi kula darasani, na mwezi Novemba ana mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Akishuka katikati ya mtihani inakuwaje?

Mwalimu Chaki

Mkuu, hilo limo upande wangu. Omba kliniki waandike barua fupi: ana kisukari, anahitaji kupima, kula kitu cha sukari na kwenda msalani bila kuchelewa. Toa nakala kwa mkuu wa shule, mwalimu wa darasa, na huyo wa michezo, maana netiboli nayo inashusha sukari. Suala la mtihani usilisubirishe hadi Novemba. Mwone mkuu wa shule sasa hivi, ili mashine, stripu na glukosi viruhusiwe kwenye chumba cha mtihani, na msimamizi aambiwe mapema kwamba ile ni mashine ya kupimia sukari.

Kingine, mteue rafiki mmoja anayekaa naye dawati moja, ajue dalili za kushuka. Binti mwenyewe amchague, siyo wewe wala mimi.