Naomba ushauri: Majilio na gunia la lumbesa

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Nanunua viazi kwa wakulima huku Njombe, nawapakilia matajiri wa Dar. Jumapili nyumbani tuliwasha mshumaa wa pili wa Majilio, majuma yale ya kujiandaa kwa Krismasi, binti yangu akasoma Luka 3, pale watoza ushuru wanapomuuliza Yohana wafanye nini, naye anawaambia wasitoze zaidi ya walichopangiwa. Nikakaa kimya.

Jumatatu asubuhi nilikuwa shambani nasimamia lumbesa kama kawaida. Gunia limeshajaa, kijana anaunga kipande cha gunia jingine juu, anashindilia viazi kwa goti, anashona. Mama mwenye shamba anatazama tu, halafu analipwa gunia moja. Sheria inataka lisizidi kilo 100, na sote tunajua.

Msiniambie "acha tu". Nikiacha leo, tajiri kesho anahamia kwa mwenzangu, na ada za Januari hizo zinabisha hodi. Kuungama nimeungama, ila padri hanunui viazi.

Kuna aliyewahi kuhamia kwenye mzani akabaki sokoni? Ulianzaje, na tajiri wako ulimwambia nini?