Dokumentari ya chuo kuhusu familia yetu iliyotoka Burundi 1972: bibi hataki kuongelea safari, nifanyeje?

mjukuu_wa_katumba:
Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa mwisho, kazi yangu ya kumalizia chuo ni dokumentari fupi kuhusu familia yetu. Babu na bibi walikimbia mauaji ya Burundi 1972, wakaingia Kigoma, baadaye serikali ikawapeleka kwenye makazi ya Katumba, huko Mpanda. Mama kazaliwa hapohapo, mimi nimekulia Dar.

Sasa nimeshashuti karibu kila kitu niko kwenye kuediti, na tatizo ni hili: bibi ukimuuliza maisha ya kwao kabla ya 1972 anaongea vizuri tu, kahawa, ng'ombe wa baba yake, kwaya ya kanisani, ila ukifika siku waliyoondoka anasema "tukaondoka, tukafika" halafu anaruka moja kwa moja mpaka Katumba, jinsi walivyopewa majembe wakafyeka pori lenye mbung'o, na hapo anaweza kukaa saa nzima mpaka betri inaisha. Msimamizi wangu anasema bila ile safari filamu haina moyo, nirudi nikambane mpaka aseme. Roho yangu inakataa kabisa. Bibi ana zaidi ya miaka 80, mimi ni nani wa kumrudisha kule? Ila nikiitazama filamu yenyewe kweli kuna shimo katikati. Waliowahi kufanya kazi za familia naombeni mawazo.

ulyankulu_damudamu:
Mkuu mimi ni mtoto wa Ulyankulu, makazi mengine ya wakimbizi wa 1972 huko Tabora, hiyo "tukaondoka tukafika" nimeisikia kwa wazee wetu wote. Usimbane. Halafu nikuulize, kwani nani kasema hadithi yenu ni ule usiku wa kuvuka tu? Watu wanafikiri ukimbizi uliisha 1972, sisi tumezaliwa humo na tukasoma humo tukiwa bado wakimbizi. Muulize bibi na mama kuhusu kibali. Ukitaka kutoka nje ya makazi, hata kwenda kumzika ndugu, mpaka upate karatasi ya mkuu wa makazi, na ukikamatwa huna ni kesi. Muulize mama yako aliendaje sekondari, fomu aliandika uraia gani.

Na habari ya uraia wenyewe usiipite juujuu. 2007 mpaka 2008 familia ziliulizwa mnarudi Burundi au mnabaki, kama asilimia 80 wakachagua kubaki. 2010 maombi yakakubaliwa, zaidi ya watu 160,000, ila vyeti havikutoka mpaka mwishoni mwa 2014, kwa sababu mpango wa mwanzo ulikuwa kwanza watu wahame makazi wakatawanywe mikoa mingine. Yaani umeshaukana urundi na utanzania hujakabidhiwa, nyumba unaambiwa utaiacha, unasita hata kupanda mwembe maana hujui nani atakula embe. Miaka yote hiyo! Kwetu baba aligoma kuezeka upya mpaka aone karatasi, mvua inatunyeshea ndani. Mpaka leo sijaona mtu akaionyesha hiyo kwa kamera, nawe una mashahidi wawili nyumbani kwenu.

meza_ya_editi:
Naongea kama mtu wa kukata picha. Hilo shimo unaloliona usilifukie na ramani ya kuchora na muziki wa huzuni, kila mwanafunzi anafanya hivyo. Acha bibi aseme "tukaondoka, tukafika" na usikate. Mwache akae kimya sekunde zake, mtazamaji ataelewa, halafu nenda kwenye lile pori bila kuomba radhi. Mtu anayesimulia kufyeka msitu kwa saa nzima anakwambia kitu, msikilize amechagua nini.

Mambo ya vitendo: kama unarudi kushuti, usikae wewe na maswali mbele yake. Muweke na mzee mwenzake waliyefika naye pamoja, wachambue maharage, bana maiki ndogo kwenye nguo, kamera iweke mbali kisha wewe toka. Waongee Kirundi, maandishi ya tafsiri utaweka baadaye. Na kabla ya kumpa msimamizi, muonyeshe bibi filamu nzima. Akisema hapa toa, unatoa.

mpemba_wa_muscat:
Assalaam aleikum. Mie nitatofautiana kidogo na wenzangu. Sisi wetu walitoka Zanzibar 1964 baada ya mapinduzi, wakapita Dubai, ndo wakaja huku Muscat baada ya 1970 Sultan Qaboos aliposhika nchi na kuwaita watu. Nyumbani haikuongelewa hata siku moja, na sote tulikuwa na adabu hiyohiyo ya kutouliza. Babu akafariki na yake kifuani, sasa wajukuu wanauliza jina la chombo alichopanda hakuna ajuaye. Kwa hiyo kumbana usimbane, lakini mlango usiufunge wewe. Mwambie, bibi, ukitaka kunambia bila kamera nitakusikiliza, na sitompa mtu. Mengine ni ya filamu na mengine ni ya nyumbani tu, na hayo ya nyumbani nayo yataka mtu wa kuyapokea.

mjukuu_wa_katumba:
Asanteni sana wakuu, nimesoma mara mbilimbili. Nimempigia mama jana nikamuuliza tu kuhusu kibali, simu imeenda mpaka salio limeisha, kumbe alikosa msiba wa shangazi yake Kigoma kwa sababu karatasi ilichelewa kusainiwa na hajawahi kutuambia. Nimeamua filamu inahamia kwenye ile miaka ya kusubiri vyeti, mama ndo atasimulia, na bibi atabaki na pori lake na ile sentensi yake moja bila kukatwa. Msimamizi nitamwandikia wiki hii nimweleze kwa nini. @mpemba_wa_muscat hilo la bila kamera nitamwambia bibi nikifika, nakushukuru mno.

Swali la mwisho: nataka kupanda treni ya Kaliua kwenda Mpanda nishuti njiani. Barua ya chuo inatosha, au lazima niombe ruhusa reli kabla? Mwenye uzoefu aseme, nasafiri mwezi ujao.