Jengo la kuagia makaburini, tuweke nini wafiwa wapate ahueni?

mchora_ramani_moshi
Wadau habari za jioni. Kuna kamati huku Moshi wamenipa kazi ya kuchora jengo la kuagia pale makaburini, bajeti ya kawaida tu. Mwenyekiti kang'ang'ania nguzo nene na marumaru mpaka nje, mi naona kama ukumbi wa harusi vile. Mliofiwa karibuni, siku ile nini kiliwatesa na nini kiliwapa nafuu?

mama_wawili_njiro
Pole na kazi kaka. Sisi tulimzika baba Aprili, masika imekolea, turubai likajaa maji likabonyea katikati, kijana mmoja akalisukuma na mpini wa fagio maji yote shwaa mgongoni kwa mama, na bibi alikuwa kakalia kreti la soda muda wote. Kwa hiyo anza na paa pana na viti vyenye egemeo, choo kisiwe mbali, na uweke kona mtu akae kivyake maana watu wanakukumbatia mpaka unakosa pumzi. Marumaru ya nje ikilowa watu wanateleza, usithubutu.

meku_kibosho
Mangi sisi Wachagga tunazika kihambani, shamba la ukoo pale nyumbani, jengo la nini tena 😄 Ila mjini naelewa. Basi zungushia isale badala ya ukuta, ndo jani letu la kuombea msamaha, hata mwenye kinyongo na marehemu akiliona anashusha sauti.

chalii_wa_michoro
Mkuu gugo Skogskyrkogården ya Stockholm, makaburi waliyochora Asplund na Lewerentz walioshinda shindano la 1915, UNESCO wameyaweka urithi wa dunia tangu 1994. Kuna ngazi za kupanda kilima chenye miti, vidato vinazidi kuwa vifupi kadiri unavyopanda, yani mfiwa anafika juu hajahema. Halafu jengo la kuchomea maiti la 1940 lina makanisa matatu na vyumba vya kusubiria vimetenganishwa, misiba isigongane mlangoni. Huku kwetu Jumamosi spika mbili zinashindana, hujui unamlilia nani.

mchora_ramani_moshi
Hiyo ya kugongana sikuiwaza kabisa, nachora milango miwili. Isale imepita, mwenyekiti mwenyewe ni Mchagga wa Machame. Ngazi nimemwonyesha picha akaniuliza za nini wakati kiwanja ni tambarare 😂

mama_wawili_njiro
Hela ya ngazi peleka kwenye choo.