Wakaazi wa Mji wa Unguja kwa asili zao

Kijana wa Ng'ambo: Asalaam alaykum. Sensa ya 2022 inasema Zanzibar tuko 1,889,773. Waarabu wangapi, Wahindi wangapi, sioni. Nitazame wapi?

Bi Kiponda: Waalaykum salaam mwanangu. Hutoona. Sensa ya mwisho kuuliza kabila ni ya 1967. Ya 1948 ilitugawa: Mwarabu, Mhindi, Mngazija (wa visiwa vya Ngazija, Komoro), Mgoa (wa Goa, India), Mwafrika. Hebu mimi ungeniandika nani: babu Mshihiri (Mwarabu wa Hadhramaut, Yemen) wa Malindi, bibi Mngazija, mama Mtumbatu wa Mkokotoni (na mume Mpemba, usisahau!).

Mzee wa Forodhani: Wahindi wengi waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Baadhi ya waliobaki, wale Wahindu, utawakuta hekaluni Hurumzi. Takwimu za zamani katafute Nyaraka, panapohifadhiwa kumbukumbu za serikali, Kilimani.

Kijana wa Ng'ambo: Shkamoo mzee. Jumatatu nakwenda.