Nyumba mpya Goba na Madale zinapasuka masika ya kwanza: nani alaumiwe?

Mama Goba: Wadau, nina uchungu. Nyumba za kuuza huku pembezoni mwa Dar es Salaam zinapakwa rangi ya kuvutia, masika ya kwanza tu ukuta umepasuka toka dirishani hadi kwenye msingi. Ukikwangua plasta, tofali linamong'onyoka mkononi. Hakuna anayekagua? Mafundi wa mtaani wametumaliza.

Fundi Zege: Mama, kwa heshima, mafundi wa mtaani ndio sisi. Mfuko mmoja wa saruji unatoa tofali 30 hivi za inchi 6 zenye nguvu. Bosi anasema toa 60 au ondoka. Ringi za nguzo, zile zinazofunga nondo pamoja, anataka ziachane futi nzima, mbali mno. Zege linahitaji kumwagiliwa angalau siku 7, yeye siku ya pili anataka mbao zinazolishikilia zihamie nyumba nyingine. Tunajua kazi. Mwenye hela hataki.

Kaka Mbezi: Unajua na bado unatoa hizo 60, basi na wewe umo. Ila wanaoharibu zaidi ni walioko nje ya nchi, wanajenga kwa picha za WhatsApp na kutupandishia bei ya viwanja.

Binti Muscat: Hapo umenigusa. Nilituma hela ya nondo, binamu akanipigia picha nondo za jirani. Wezi ni nyinyi mliobaki.

Kaka Mbezi: Sisi tuliobaki ndio tunaouguza wazazi wenu.

Binti Muscat: Na hela ya dawa inatoka wapi? Uombe radhi.

Mzee wa Ilala: Vijana, tulieni. Lile ghorofa lililoanguka mtaa wa Indira Gandhi, 2012 kama sikosei, tuliambiwa kibali cha ghorofa 10, likapanda 16. WhatsApp ilihusika wapi hapo?

Mama Goba: Ni 2013, mzee wangu, siku ya Ijumaa Kuu. Ikaja Kariakoo, Novemba 2024. Ghorofa likianguka tume inaundwa. Nyumba ya chini inaua mmoja mmoja, ndiyo maana hakuna anayefika kuikagua.

Fundi Zege: Dada wa Muscat, safari ijayo lipa mtu asiye ndugu apime nondo kabla zege halijamwagwa. Likishamwagwa huoni tena kitu.

Kaka Mbezi: Asiye ndugu? Kwa hiyo ndugu wote wezi?

Binti Muscat: Wangu, ndiyo. Na radhi bado naisubiri.