Bibi kafiwa na mwanawe, hali wala halali: huzuni au sonona?

Mhudumu wa jamii, Newala: Wakuu, bibi wa miaka 70 kafiwa na mwanawe miezi mitano sasa. Kakonda, haendi shamba, analalamika mwili kuuma tu. Nianzie wapi?

Muuguzi, Mtwara: Poleni sana. Huzuni ya msiba huja kwa mawimbi. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali, hukaa kutwa, karibu kila siku, wiki 2 na zaidi. Wazee wengi husema "mwili unauma", si "nina huzuni". Muulize waziwazi kama anatamani kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na dawa za kupulizia mikorosho, ambazo ni sumu, zifungiwe leo asije akazinywa. Hilo la dawa watu hulisahau mno.

Tabibu, Lindi: Apimwe kwanza wingi wa damu, sukari na homoni za tezi ya shingo, upungufu wa damu hufanana na sonona. Kwa dawa za sonona, amitriptilini humletea mzee kizunguzungu, akaanguka, tena hubana mkojo. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, huhitaji wiki 4 hadi 6 ili ifanye kazi vizuri. Wengi huacha wiki ya pili wakidhani haifanyi kazi.

Muuguzi, Mtwara: Na wanafamilia wasimkataze kumtaja marehemu, tafadhali.